Ameacha pampasi mchana, usiku bado

Saa 11 na nusu alfajiri, kabla wapangaji wengine hawajaanza kupanga ndoo zao mlangoni pa bafu, mama mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, alikuwa akiburuta godoro dogo kuelekea uani. Katikati lilikuwa na duara bichi la ukubwa wa sinia. Alitaka kuliegemeza kwenye ukuta unaopata jua mapema, ili akirudi kazini jioni alikute limekauka. Mumewe akatokea mlangoni, taulo begani.

“Hilo godoro lisikae hapo. Lirudishe ndani.”

“Ndani litakaushwa na nini?”

“Lirudishe tu. Watu wote hawa waone nini?”

Mkojo ulikuwa wa mtoto wao wa kiume, umri miaka 2 na miezi 8. Mtoto wa umri huo kukojoa kitandani si habari ya kuandikwa gazetini. Kilichomshangaza mama ni ukali wa baba. Huyu ni mwanamume asiyegombana na mtu kwa chumvi kuzidi wala shati kuungua na pasi. Kwa godoro, alikuwa mkali tangu siku ya kwanza.

Habari yenyewe ilianza mwezi wa saba, bibi mzaa baba alipokuja kusalimia kutoka Mkinga, mkoani Tanga. Bibi ni Mdigo, na kama bibi wengi humwita mjukuu wake wa kiume “mume wangu”. Jioni ya kwanza alimvua nguo amwogeshe, akakuta pampasi imejaa mpaka inaning’inia.

“Mume wangu, na ukubwa wote huu bado unabeba mzigo?” Kisha akamgeukia mkwewe. “Mwanangu, hawa wangu wote sita walikuwa wakavu wakiwa na miezi 6. Wote.”

Mama alicheka kwa adabu, lakini usiku hakulala vizuri. Kuambiwa hivyo na mama mkwe, ndani ya nyumba yako, mbele ya dada wa kazi, si jambo la kulala nalo.

Bibi hakuwa akijisifu bure. Mwaka 1977 jarida la Pediatrics la Marekani lilichapisha utafiti wa watu wawili wa ukoo wa deVries, waliowachunguza akina mama wa Kidigo wa pwani ya Kenya. Walieleza kwamba mama huanza wiki chache tu baada ya kujifungua. Huketi chini miguu ameinyoosha, humweka mtoto katikati ya miguu yake, mgongo wa mtoto ukimwelekea yeye, kisha hutoa sauti ya “shuu”. Mtoto akikojoa wakati sauti inatolewa, hunyonyeshwa au hubembelezwa. Hufanya hivyo mchana na usiku, kila anapohisi mtoto ametaka. Kufika miezi 5 au 6 watoto hao walikuwa wakavu kwa kiasi kikubwa. Madaktari wa Magharibi waliokuwa wakisema mtoto hawezi kabla ya mwaka mmoja na nusu walipaswa kukaa chini na kufikiri upya.

Ila njia hiyo ina sharti moja, nalo ni kwamba mama na mtoto wasiachane. Mtoto yupo mgongoni, mapajani au ubavuni saa zote, na mama anasoma kila anavyojinyonga. Mama wa Tabata alikuwa na likizo ya uzazi ya siku 84, kama sheria ya kazi ya Tanzania inavyosema. Siku ya 85 alikuwa kwenye daladala, maziwa yakimvuja kifuani, na mtoto yupo na dada mwenye miaka 19 aliyefika kutoka Singida wiki mbili tu nyuma. Hapo “shuu” angeitoa nani? Pampasi haikuingia nyumba ile kwa uvivu wa mtu.

Hata hivyo maneno ya bibi yalifanya kazi. Kulikuwa pia na sababu nyingine: Januari mtoto alitakiwa kuanza chekechea, na mwalimu mkuu alishasema hapokei mwenye pampasi. Mama akanunua poti ya plastiki ya bluu siku ya mshahara.

Dada ndiye aliyesema kwamba mtoto yuko tayari. Katika nyumba nyingi za mjini anayemtoa mtoto kwenye pampasi ni dada wa kazi, na ni nadra mtu kumuuliza anaona nini. Huyu alikuwa ameona mengi. Aliona kwamba mtoto akitaka haja kubwa hukimbilia nyuma ya pazia na kunyamaza. Aliona kwamba anaweza kukaa saa mbili pampasi ikiwa kavu. Aliona anajua kushusha bukta mwenyewe, na kwamba akijichafua huja kusema, “Dada, pupu.” Dalili kama hizo ndizo za kuangalia kuliko hesabu ya miezi. Watoto wengi huzionyesha kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka mitatu, na wa kiume aghalabu huchelewa kidogo kuliko wa kike.

Basi wakaanza. Pampasi ikaondolewa mchana, akavalishwa bukta ya lastiki isiyo na zipu wala kifungo, kwa sababu mtoto aliyebanwa hana muda wa kufungua vifungo. Poti ikawekwa pembeni ya mlango wa uani, si chooni, maana choo cha pamoja ni cha kuchuchumaa, chenye giza, na tundu lake linatisha mtu wa umri ule. Alikalishwa akiamka, baada ya uji, baada ya chakula cha mchana, kabla ya kuoga na kabla ya kulala. Baada ya kula ndiyo saa nzuri zaidi, kwa kuwa tumbo likipokea chakula utumbo nao huanza kusukuma. Alikaa dakika chache tu, nyayo zimegusa sakafu, dada akimwimbia. Kikitoka kitu, makofi. Kisipotoka, ananyanyuka anaenda kucheza.

Siku ya kwanza alilowesha bukta saba. Ya pili, tano. Ya nne alikwenda mwenyewe, akakaa, akakojoa, akasimama na kukitazama alichokifanya kama fundi anayekagua ukuta aliojenga. Bibi akapiga vigelegele. Wiki iliyofuata alirudi Mkinga akiwa ameridhika.

Jumamosi moja mwezi wa nane mambo yaliharibika, na aliyeyaharibu ni mama mwenyewe. Wanachama wa kikundi chake cha vikoba walikuwa wamefika sebuleni kwa ajili ya kikao. Dada alikuwa jikoni akichoma maandazi. Mtoto, kwa wingi wa wageni, alisahau poti, akaenda nyuma ya kochi na kujisaidia hapo. Harufu ndiyo iliyotoa taarifa. Mama aliinuka, akamvuta mkono, akamchapa makofi mawili ya matako. “Mchafu wewe! Mkubwa hivi!” Wanawake wengine wakacheka. Mmoja akasema mtoto akizoea hivyo hataacha, na kwamba wa kwake ilibidi apakwe pilipili. Hiyo ni shauri mbaya hata ikitolewa na mweka hazina.

Kuanzia Jumamosi ile mtoto hakwenda haja kubwa. Jumapili hakuna. Jumatatu hakuna. Alikuwa akisimama kwenye kona, amebana miguu, uso umekunjamana, akipelekwa kwenye poti analia. Dada alidhani anasukuma, kumbe alikuwa anazuia. Jumatano jioni tumbo lilikuwa gumu, uji ameukataa, na kibaya zaidi, akaanza kujikojolea tena mchana, matone matone, kila nusu saa.

Alhamisi mama aliomba ruhusa kazini, akampeleka kituo cha afya, kadi ya kliniki mkononi. Muuguzi aliyempokea alimbonyeza mtoto tumboni, akauliza maswali machache, kisha akauliza, “Mlimchapa?”

Mama akasema ndiyo.

Muuguzi hakumsema. Alimweleza tu kilichokuwa kinatokea. Mtoto aliyeaibishwa kwa haja kubwa huamua kutoitoa. Ikikaa ndani inakauka na kuwa ngumu, na siku ikitoka inauma. Ikishauma, anapata sababu ya pili ya kuzuia. Wakati huo mzigo ule umejaa nyuma ya kibofu na unakikandamiza, kwa hiyo mkojo nao haukai. Ndiyo maana mtoto aliyekuwa mkavu analowa tena, na nyumbani wanadhani amekuwa jeuri. Aliandikiwa dawa ya kulainisha choo, akashauriwa papai, maji ya kutosha na mboga za majani, na akaambiwa poti ifichwe kabisa kwa muda. Arudi kwenye pampasi mpaka atakapokuwa anapata choo laini bila kulia.

Kurudisha pampasi kulimuuma mama kuliko kila kitu. Ilikuwa kama kumrudishia mwalimu cheti. Lakini alifanya hivyo, na jioni ile alimpakata mtoto akamwambia, “Mama alikosea kukuchapa.” Mtoto akamuuliza kama papai limekwisha.

Mwezi wa tisa poti ilitolewa tena, na safari hii hapakuwa na haraka. Ajali zilipotokea, dada alifuta na kusema sentensi moja tu: “Pupu inakaa kwenye poti.” Baada ya wiki tatu hivi mchana ukawa mkavu. Alikuwa akienda sokoni na dada, anarudi na bukta ileile.

Hapo ndipo mama, kwa furaha na kwa hofu ya Januari, alipofanya kosa la pili, ambalo karibu kila nyumba hulifanya. Alidhani usiku ni mchana wenye giza. Akaondoa na pampasi ya kulalia.

Usiku wa kwanza, godoro. Wa pili, godoro. Wakaanza kumwamsha saa 5 na saa 9, wakimbeba kama gunia mpaka kwenye ndoo, akikojoa amefumba macho, na bado alfajiri akawa amelowa. Baba akatoa amri kwamba maji mwisho ni saa 11 jioni. Mtoto akawa analala na kiu, akiamka anaomba maji, ananyimwa, analia. Mama na baba walikwenda kazini wakiwa na macho mekundu. Asubuhi moja baba alichukua mwiko jikoni, akausimamisha kando ya kitanda, na kumwambia mtoto kwamba ule ni wa vikojozi. “Sitaki kulea kikojozi mimi.”

Tangu siku ile mtoto akawa hataki kulala. Ikifika saa 2 usiku anashika nguo ya dada. Akilazwa, anakaa macho akiuangalia mwiko.

Mama alirudi kwa muuguzi yuleyule. Alikuwa amejiandaa kuulizia dawa. Muuguzi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Huyo amelala, mama. Utamfundisha nini mtu aliyelala?”

Akamfafanulia. Mchana mtoto yuko macho. Anahisi kibofu kimejaa, anakumbuka poti, anakimbia. Hiyo inafundishika. Usiku kuna mambo matatu yanayotakiwa kukomaa yenyewe. Kibofu kiwe na nafasi ya kutunza mkojo wa saa nyingi. Ubongo uzalishe ya kutosha ile homoni inayoziambia figo zipunguze kutengeneza mkojo wakati wa kulala. Na kichwa kiweze kusikia kibofu kikigonga mlango na kumwamsha mwenyewe. Kwa mtoto mmoja hayo hukamilika akiwa na miaka mitatu, kwa mwingine sita, kwa mwingine hata baadaye. Katika watoto 100 wa miaka 5, kiasi cha 15 bado hulowesha kitanda, na kila mwaka baadhi yao huacha bila kufanyiwa chochote. Kabla ya miaka 5 madaktari hawauhesabu kuwa ugonjwa. Wanachotaka kukisikia mapema ni kingine: mtoto aliyekuwa mkavu usiku kwa miezi sita au zaidi kisha akaanza upya, anayelia akikojoa, mwenye homa, au anayekunywa maji kupita kiasi na kukonda. Huyo apelekwe hospitali, asisubiri.

Kumbeba mtoto akiwa usingizini, muuguzi alisema, kunaokoa shuka lakini hakumfundishi kitu. Kumnyima maji jioni nzima ni kumtesa. Anywe vizuri asubuhi na mchana, apunguziwe saa moja au mbili kabla ya kulala, na chai ya rangi ya usiku iachwe kabisa, kwa maana majani ya chai huongeza mkojo. Mama aliona aibu. Maji walimnyima, lakini kikombe cha chai cha saa 2 alikuwa akipewa kila siku pamoja na mkate.

Kisha muuguzi akauliza swali la mwisho. “Upande wenu au upande wa baba, kuna aliyechelewa kuacha? Mambo haya hutembea kwenye ukoo.”

Upande wake mama hakumjua yeyote. Jioni alimpigia simu bibi Mkinga. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za mihogo, akauliza. Simu ikawa kimya mpaka akadhani vocha imekwisha.

“Mumeo hajakwambia?”

“Kuniambia nini, mama?”

“Alikojoa kitandani mpaka darasa la tatu huyo.”

“Lakini mama, ulisema wote walikuwa wakavu na miezi 6.”

“Mchana, mwanangu. Na usiku nao, walipokuwa wananyonya, kwa kuwa nililala nao ubavuni, akijitikisa tu namtoa. Nilipomwachisha ziwa akahamia kwa kaka zake. Kule nani angemtoa?” Bibi akashusha pumzi. “Usimwambie nimekwambia.”

Mama hakumwambia. Alisubiri. Siku tatu baadaye umeme ulikatika, wakawa wamekaa nje kwenye ngazi wakipunga upepo, mtoto amelala mapajani pa baba. Mama akasema tu kwamba muuguzi anadhani ni jambo la ukoo. Baba akanyamaza muda mrefu. Kisha akaanza kusimulia, bila kumtazama.

Alipokuwa na miaka saba alipelekwa kukaa kwa baba yake mdogo, Muheza, asome huko. Walilala watoto wanne chumba kimoja. Wiki ya kwanza alilowesha godoro la sufi, na sufi ikilowa haikauki upesi, inanuka. Binamu zake wakambebesha godoro kichwani, wakamzungusha nyumba hadi nyumba, watoto wa kijiji wakifuata nyuma wakiimba. Watu wazima walikuwa barazani. Walicheka. Baada ya hapo alijifunza kulala sakafuni, wenzake wakishasinzia, ili kitakacholowa kiwe simenti. Usiku mwingine alijifinya mapaja asilale kabisa, akasinzia darasani, akachapwa kwa hilo pia. Likizo hakwenda kulala kwa mtu. Alipofika darasa la tatu, asubuhi moja aliamka mkavu. Akanyamaza, asimwambie mtu. Ya pili, mkavu. Alihesabu mpaka siku arobaini ndipo akaamini.

“Hakuna aliyenifundisha,” alisema. “Iliacha tu.”

Umeme uliporudi alimbeba mtoto ndani. Mwiko ulirudi jikoni usiku uleule, na asubuhi dada alisongea ugali bila kujua chochote.

Walichofanya baadaye ni cha kawaida. Usiku pampasi ilirudi, bila kuitwa adhabu. Godoro lilifunikwa plastiki nzito ya kununua kwa mita, juu yake shuka, juu ya shuka kipande kingine cha plastiki na kanga iliyokunjwa, ili likitokea la kutokea wavute tabaka la juu na kuendelea kulala. Chai ya usiku ikaisha. Poti hukaa kando ya kitanda, taa ndogo inawaka, na kukojoa ni kitu cha mwisho kabla ya chandarua kushushwa. Asubuhi mtoto hupeleka kanga mwenyewe kwenye beseni, jinsi anavyopeleka sahani yake jikoni. Na neno kikojozi halitamkwi ndani ya nyumba ile, hata kwa utani.

Mwalimu mkuu wa chekechea, alipoulizwa vizuri, alisema yeye anataka mkavu wa mchana, usiku hamuhusu. Hakuna aliyekuwa amefikiria kumuuliza.

Desemba mtoto alikuwa akipitisha usiku mmoja au mawili kwa wiki akiwa mkavu. Jumapili moja aliomba mwenyewe alale bila pampasi “kama baba”. Wakamkubalia. Alfajiri plastiki ilikuwa imesogea na godoro limelowa kama zamani.

Baba ndiye aliyelitoa. Alilibeba kichwani, akapita nalo katikati ya uani wapangaji wakiwa wamejipanga na ndoo zao, akaliegemeza kwenye ukuta ule ule wa jua. Mzee mmoja wa chumba cha mwisho, anayependa masihara, akauliza kwa sauti nani kakojoa safari hii.

“Ukoo wetu, mzee,” baba akasema, akaligeuza upande uliolowa ulielekee jua. “Tunachelewa kidogo.”

Mtoto alikuwa mlangoni, kanga iliyolowa mikononi, akisubiri apishwe kwenye beseni.